Haki ya Kujibu: Mjadala juu ya Ulemavu katika Ushairi

Mwaka 2018 Raymond Antrobus, mshairi mzaliwa wa Hackney, London, mwana wa baba Mjamaika na mama Mwingereza, alitoa diwani iitwayo The Perseverance. Ndani yake umo ukurasa wenye kichwa cha shairi la mtu mwingine, "Deaf School" la Ted Hughes, aliyekuwa mshairi rasmi wa taifa la Uingereza tangu 1984 hadi alipofariki 1998. Katika shairi hilo Hughes anawatazama watoto viziwi shuleni kwao na kuwafananisha na wanyama wadogo. Antrobus ni kiziwi. Uziwi wake uligunduliwa akiwa na miaka 6. Alilichukua shairi lile akalipaka wino mweusi, mshororo baada ya mshororo, likabaki jina tu. Kisha akaweka shairi lake la kujibu. Mwaka 2019 diwani hiyo ikapata tuzo ya ushairi yenye jina la Ted Hughes huyo huyo, ikapata na tuzo ya Rathbones Folio, ambayo kabla ya hapo haikuwahi kwenda kwa kitabu cha mashairi.

Kisa hiki nimekiweka mbele ya sauti tatu. Wasemaji nimewaunda mimi, ndiyo maana hawana majina. Hoja zao lakini husemwa kila siku, madarasani na kwenye meza za wahariri. MWALIMU amesomesha fasihi ya Kiswahili miaka mingi, na ni mtu wa vina na mizani. MALENGA ni mwanamke asiyeona, anayeandika kwa nukta nundu. KIJANA ni kiziwi anayetunga kwa lugha ya alama. Maneno yake hapa yamepitia kwa mkalimani. Mimi nitaingia pale ninapoona siwezi kunyamaza.

MWALIMU: Nianze na linalonisumbua. Kufuta shairi la mtu ni jambo zito. Leo limefutwa la Hughes kwa kuwa limewakosea viziwi. Kesho tutaambiwa tufute la nani? Mimi nawafundisha vijana kwamba mshairi ana ruhusa ya kuvaa nafsi isiyo yake. Mwanamume hutunga kwa nafsi ya mjane, tajiri hutunga kwa nafsi ya mchukuzi wa bandarini. Tukisema anayesikia asiguse habari za viziwi, tumeuziba mlango ambao fasihi yote huingilia.

MALENGA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Karibu.

MALENGA: Ahsante. Mlango haujazibwa. Shairi la Hughes limo vitabuni mwake kama alivyoliandika, na anayelitaka atalikuta. Lililofunikwa ni moja tu, ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Na nyinyi walimu ndio mliotufundisha kwamba pwani yetu mshairi akirusha neno, yuko wa kulidaka na kulirudisha. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa, Zahidi Mngumi akamjibu kutoka Lamu, wala hakuna aliyelia kwamba ushairi umekufa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na mashairi ya mmoja kuuliza na mwingine kujibu. Alilofanya Antrobus ni hilo. Tofauti ni kwamba sisi tunaotungiwa tulichelewa mno kupewa zamu.

MWALIMU: Kwenye majibizano mtu hujibu kwa vina vile vile alivyorushiwa. Hamwagi wino juu ya beti za mwenzake.

MALENGA: Kweli kabisa. Ila anayejibizana nawe ameshakubali kwamba wewe ni mshairi kama yeye. Hughes hakuwaandikia watoto wale, aliwaandika. Hakutarajia kwamba siku moja mtu wa aina yao angelisoma shairi lake na kuwa na la kusema. Kwa hiyo jibu halikuwa na mahali pa kukaa, na Antrobus akajitengenezea mahali juu ya shairi lenyewe.

KIJANA: Naomba nafasi. Wino ule mimi nauelewa kwa namna nyingine kabisa. Nimekaa katika darasa la wanaosikia. Unaona mwalimu anasema, unaona wenzako wanacheka, wanaandika, wanainua mikono. Wewe unapata kichwa cha somo ubaoni, basi. Sasa Mwalimu anafungua kitabu cha Antrobus, anaona kichwa cha shairi, na chini yake haoni kitu cha kusoma. Anakasirika. Ana haki ya kukasirika. Hiyo ndiyo Jumatatu yangu, na Jumanne, na Jumatano.

Hapa nasimama na Kijana. Wengi wameusoma ukurasa ule kama adhabu aliyopewa Hughes marehemu, na adhabu haiongezi kitu katika ushairi. Lakini ukiusoma kama Kijana, unakuwa shairi: unamweka msomaji anayesikia mahali ambapo hajawahi kukaa, bila neno moja la kumwelezea mahali hapo palivyo. Mwalimu aliuliza kwa haki kama kufuta kunaweza kuwa kutunga. Nadhani amejibiwa.

MWALIMU: Nimesikia, na nitalifikiri. Lakini tusijifanye kwamba Hughes ni mfano wa kila anayeandika. Mshairi huona, hufananisha, hutunga. Kufananisha ndiyo kazi yake.

MALENGA: Na mimi ndiye ninayefananishwa. Chukua mashairi ya siasa yanayotungwa kila msimu wa uchaguzi. Mtawala asiyejali watu ni kiziwi. Mpiga kura aliyedanganywa ni kipofu. Uchumi ukidorora, unachechemea. Chama kisicho na sera ni kiwete. Mwili wangu na miili ya wenzangu imekuwa akiba ya lawama za washairi. Shairi likikaririwa ukumbini, watu wanapiga makofi, na mimi nimekaa safu ya mbele na fimbo yangu nyeupe. Hakuna aliyenikusudia. Hilo ndilo linalouma: hata kunitukana hakukukusudiwa.

MWALIMU: Wahenga walikulinda, lakini. Walisema hujafa hujaumbika, na kila mtoto wa Kiswahili amekatazwa kumcheka mwenye kilema kwa maneno hayo.

MALENGA: Methali hiyo naipenda nusu. Inamwambia mwenye macho asicheke, kwa kuwa kesho naye yaweza kumpata. Kwa hiyo mimi nimekaa pale kama onyo la mwingine. Anayezungumziwa ni yeye, hofu ni yake, kesho ni yake. Mimi nimeshaumbika, Mwalimu. Nataka shairi linaloanzia hapo.

Nakiri ugumu wa jambo hili kwa mwandishi wa Kiswahili. Lugha yetu imejaa picha za namna hiyo, na kuzing'oa zote haiwezekani wala sioni kwamba inatakiwa. Ninaloliona linawezekana ni dogo zaidi: mshairi aijue picha anayoishika. Anayemwita mtawala kiziwi aulizwe kama ndivyo viziwi walivyo. Kiziwi hutazama uso wa msemaji bila kupepesa, kwa kuwa asipotazama amekosa yote. Mtawala asiyejali hatazami kabisa. Tamathali ile haijawakosea viziwi tu. Imekosea pia kazi yake ya kuonyesha mtawala alivyo.

MWALIMU: Sasa niseme jambo jingine. Habari hii ya "ushairi wa ulemavu" kama fungu la peke yake naiona imeletwa. Huko Marekani walitoa mkusanyo mwaka 2011, Beauty Is a Verb, wa Jennifer Bartlett, Sheila Black na Michael Northen, kila mshairi na insha yake juu ya kazi yake. Kitabu kizuri. Lakini mimi sijaona katika fasihi yetu mshairi aliyeketi akasema, mimi natunga kutoka kwenye mwili wangu huu.

MALENGA: Humsomeshi Mwana Kupona?

MWALIMU: Kila mwaka.

MALENGA: Unamsomesha kama nini?

MWALIMU: Kama mama anayemuusia bintiye. Malezi, ndoa, dini, adabu. Na siku hizi wanafunzi wangu wanabishana naye vikali juu ya utii wa mke kwa mume.

MALENGA: Na kitanda?

MWALIMU: Kitanda gani?

MALENGA: Utenzi ule ulitungwa 1858 na mwanamke wa Pate, mke wa marehemu Sheikh Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa. Anasema mwenyewe, mwanzoni kabisa, kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka. Anamwita bintiye aje karibu, akae, achukue wino na karatasi, kwa kuwa ana neno la kumpa. Mwishoni ameweka dua ndefu akiomba afya. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Beti zaidi ya 100, Mwalimu, zimetungwa na mtu aliyeshindwa na mwili wake, na katika darasa lako mwili huo haupo.

MWALIMU: Subiri. Maradhi si ulemavu. Mgonjwa anaomba apone. Wewe hukuniambia kwamba unaomba upone.

MALENGA: Siombi, na tofauti hiyo ni kubwa. Sitaki kumvalisha Mwana Kupona joho langu. Ninalosema ni kuhusu namna shairi lile lilivyofanywa. Kwa nini utenzi ule una sauti ya karibu kuliko tenzi nyingi? Tenzi za vita zinasemwa kwa umma, zina farasi na bendera. Huu unasemwa kwa mtu mmoja, aliye umbali wa mkono. Wahakiki husema ni kwa sababu ni mama na binti. Ni kweli, ila pia ni kwa sababu asiyeweza kuondoka kitandani humwita anayemtaka na kusema naye hapo hapo, naye anaandika. Umbo la shairi limetoka kwenye hali ya mwili wa aliyelitunga. John Milton wa Uingereza alipofuka kabisa kufikia 1652, akaitunga Paradise Lost kichwani na kuwasomea imla waliomwandikia, hadi ikatoka 1667. Wazungu hawafundishi Milton bila kutaja macho yake. Sisi tunamfundisha Mwana Kupona bila kutaja kitanda.

MWALIMU: Hilo umenishika.

Mimi naona hapa ndipo penye uzito wa mjadala wote, kwa hiyo niseme kwa sauti yangu. Tumezoea kuuliza shairi la mwenye ulemavu linasema nini: limelia, limelaumu, limeshukuru? Tunaliendea kama tunavyomwendea shahidi, tukamwacha fundi. Tukishapata habari ya mateso, tumeridhika. Hatuulizi limejengwaje. Na mtu ambaye mwili wake unamlazimisha kutafuta njia nyingine ya kuandika, kusikia au kukumbuka, mara nyingi ndiye anayeijua njia ambayo wengine hatujaiona. Malenga ana mifano miwili ya jambo hili inayovutana, na namwachia aieleze.

MALENGA: Wa kwanza ni Abu al-Ala al-Ma'arri wa Syria, aliyezaliwa 973 akafa 1057. Ndui ilimpofusha utotoni. Alikwenda Baghdad, akarudi kwao Ma'arra, akajifungia nyumbani, akawa na desturi ya kujiita mfungwa wa vifungo viwili, upofu na nyumba. Sasa sikiliza alichofanya na kina. Arudhi ya Kiarabu inamdai mshairi kina cha herufi moja mwishoni mwa kila ubeti. Yeye katika diwani yake ya Luzumiyyat akajifunga kwa sharti ambalo hakuna aliyemdai: kina cha herufi mbili. Watu husema ni maringo ya mjuzi wa lugha. Mimi ninayebeba mashairi yangu kichwani kabla ya kuyatoboa kwenye karatasi nasema hapana. Kina kizito ni mahali pa kushika. Usipoona ukurasa, sauti inayojirudia ndiyo ukurasa wako.

MWALIMU: Hayo ni maneno matamu kwa sikio langu. Kumbe mwanajadi mwenzangu!

MALENGA: Usifurahi mapema. Wa pili ni Larry Eigner wa Marekani. Alizaliwa 1927, akaumia wakati wa kuzaliwa, akawa na mtindio wa ubongo. Aliishi kwa wazazi wake katika mji wa Swampscott, Massachusetts, hadi 1978. Alipewa taipureta alipotimiza miaka 13, akaipiga kwa gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mstari ukiisha, mtu mwingine huisukuma ile sehemu ya juu ya mashine irudi mwanzo bila hata kufikiri. Kwake msukumo ule ulikuwa kazi ya mwili mzima. Tazama mashairi yake: mistari mifupi, nafasi kubwa kati ya neno na neno, na kila mstari unaanza kulia zaidi ya uliotangulia, shairi linateremka ukurasani kwa mshazari. Hana vina, hana mizani. Aliandika zaidi ya mashairi 3,000. Yalipokusanywa mwaka 2010 yalijaza juzuu 4, na wachapishaji walilinda zile nafasi kama yeye alivyoziacha.

MWALIMU: Masivina.

MALENGA: Ndiyo. Na mliokuwa mkigombana tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina, mwaka 1974, mmoja akisema ushairi ni vina, mwingine akisema ushairi ni uhuru, mlikuwa mkigombana kama kwamba mshairi hana mwili. Al-Ma'arri alihitaji kamba mbili, Eigner alihitaji nafasi. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa mwili wake.

MWALIMU: Ninalo swali hapo. Huyu Eigner anaandika juu ya nini?

MALENGA: Dirisha. Ndege. Upepo kwenye miti, magari barabarani, mwanga ukihama ukutani.

MWALIMU: Ulemavu wake?

MALENGA: Ni nadra sana autaje.

MWALIMU: Basi kwa nini unamwita mshairi wa ulemavu? Mtu ameandika ndege, wewe unasoma kiti mwendo. Huko ni kumnyang'anya ndege wake.

Swali hili la Mwalimu ni zito, na ndilo linalomfanya asiwe mpinzani wa kupuuzwa. Wapo washairi ambao hawakutaka kusomwa kwa njia hiyo, na si kwa aibu. Wamechoka tu kila mstari wao kurudishwa kwenye mguu au jicho. Nimemwona Malenga, katika kumuunda, akinyamaza hapa zaidi kuliko nilivyopanga.

MALENGA: Umesema kweli. Siwezi kumlazimisha. Nadhani jibu langu ni hili: ndege namwachia. Sisomi ulemavu ndani ya ndege. Nausoma katika ile nafasi nyeupe kabla ya neno, kwa sababu nafasi ile ilikuwa na gharama, na aliilipa. Mtu akiniambia kwamba nafasi ile ni mtindo tu alioufuata kwa kuwa enzi zake wengi walitawanya maneno ukurasani, nitamsikiliza, maana nayo ni kweli. Lakini asiniambie kwamba vidole vile viwili havikuwepo.

KIJANA: Dada, naomba nikupinge.

MALENGA: Nipinge, mdogo wangu.

KIJANA: Umesema sauti inayojirudia ndiyo ukurasa. Mwalimu naye akafurahi. Nyote wawili mmeweka ushairi sikioni, na mimi mmeniacha nje ya nyumba pamoja. Sina sikio la kuweka kina. Je, sina ushairi?

MALENGA: Endelea.

KIJANA: Kwenye lugha ya alama, kina kipo. Alama ina umbo la kiganja: ngumi, kidole kimoja, vidole vyote vimekunjuliwa. Ukitunga ubeti ambao alama zake zote, zenye maana tofauti, zinatumia umbo moja la kiganja, hicho ni kina, na mtu anayejua alama hukiona mara moja, kama Mwalimu anavyosikia "-ani" na "-ani". Mizani nayo ipo, kwenye mwendo wa mkono na kusita kwake. Dorothy Miles alizaliwa Wales 1931, akawa kiziwi akiwa na miaka 8 kwa homa ya uti wa mgongo. Alianza kwa kuandika Kiingereza, kisha akaleta kazi zake mikononi, huko Marekani na baadaye Uingereza, na washairi wa alama waliomfuata walijifunza kwake kwamba mikono miwili inaweza kusema mambo mawili kwa wakati mmoja. Mkono wa kulia ni mtoto, wa kushoto ni mama. Wanaachana. Wanakutana. Mshororo wenu unasema jambo moja kisha jingine. Wangu unasema yote mawili pamoja.

MWALIMU: Huo una ukwapi na utao, vipande viwili vya mshororo, kwa wakati mmoja.

KIJANA: Ndiyo, Mwalimu! Ukwapi mkono huu, utao mkono huu.

MALENGA: Na mimi nisiyeona mikono yako?

Nataka msomaji alione jambo hili kabla halijapita. Kwa kawaida mjadala kama huu hupangwa wenye ulemavu upande mmoja na wasio nao upande wa pili. Lakini shairi la Malenga halimfikii Kijana bila mkalimani, na la Kijana halimfikii Malenga hata kidogo. Hawadaiani na Mwalimu peke yake. Wanadaiana wao kwa wao.

KIJANA: Nimelifikiri hilo. Yuko John Lee Clark wa Minnesota, aliyezaliwa kiziwi katika familia ya viziwi, kisha akawa asiyeona pia. Mwaka 2023 diwani yake How to Communicate iliingia fainali ya tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani. Yeye hana sauti wala picha. Ana mguso. Anatunga kwenye nukta nundu, na pia kwa lugha ambayo viziwi wasioona wameikuza, iliyoanzia Seattle, ambamo unasema juu ya mwili wa msikilizaji: kwenye mkono wake, bega lake, goti lake.

MALENGA: Clark ninamjua vidoleni. Ametunga umbo la shairi kwa kufuata kile kibao cha mkononi tunachotobolea nukta, chenye mistari 4. Kibao kikijaa, shairi limekwisha. Mwalimu, hiyo ni bahari mpya ya ushairi, na sharti lake limetoka kwenye chombo cha kuandikia. Ninapoandika kwenye kibao kile natoboa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zote zikiwa zimegeuzwa, kisha nageuza karatasi na kusoma kushoto kwenda kulia. Kila ninachoandika nimekiandika kinyume kwanza. Na bado hujaniuliza, hata wewe, ninatungaje. Mmekuwa mkiniuliza nilipofukaje.

MWALIMU: Nami naona nisikuulize hilo la pili.

MALENGA: Wahariri huliuliza. Nilipeleka mashairi mawili mahali fulani. Moja la bahari ya Pemba na biashara ya karafuu, nimelifanyia kazi miezi mingi. La pili nimelia juu ya upweke, nililiandika jioni moja. Wakachukua la pili.

MWALIMU: Lakini usilidharau la kilio. Mwaka 2017 ilitoka albamu ya kundi la watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, Tanzania Albinism Collective, iliyorekodiwa na mtayarishaji Mmarekani, Ian Brennan. Wanaimba kwa Kiswahili na kwa lugha za kisiwani. Wengi hawakuwa wanamuziki, na inaelezwa walikuwa wamezuiwa kuimba hata kanisani. Nyimbo ni fupi, maneno machache, hakuna ufundi wa kina unaousifu wewe. Wametoka katika miaka ya watu wenye ualbino kuwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao. Utawaambia wanadai kusomwa kama mafundi?

MALENGA: Nitawaambia hivyo hasa. Umezisikiliza?

MWALIMU: Nimesikiliza.

MALENGA: Basi umesikia kwamba anayeimba haongezi neno. Kabla ya hapo redio zilituletea nyimbo nyingi za wengine kuwahusu, zenye ala nyingi na viitikio vya kuombea huruma. Hizi za Ukerewe neno likisemwa, limesemwa, wimbo umekwisha. Aliyenyimwa kuimba maisha yake yote hana sababu ya kurembesha. Ufupi ule ni uamuzi. Ukiuita upungufu, umewarudisha walipokuwa.

Sikubaliani na Malenga moja kwa moja. Nyimbo nyingine za albamu ile naziona bado ni mbegu, na kusema hivyo ni kuziheshimu. Asiyestahili kuhakikiwa hajachukuliwa kuwa msanii. Lakini ufupi wa zile zilizofaulu ni kweli kabisa, na naungana naye kwamba wimbo wa Ukerewe usiwekwe kabatini kama kumbukumbu ya mauaji tu.

MWALIMU: Tuseme nimekubali. Mimi mwalimu nifanye nini Jumatatu?

KIJANA: Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja lugha yetu ya alama katika Ibara ya 7, na Ibara ya 120 ikaifanya lugha rasmi ya Bunge. Mbunge anaweza kuitumia kutunga sheria. Lakini vitabu vya shule vinasema fasihi simulizi ni sanaa itumiayo mdomo. Anza hapo. Ninyi wenyewe mnafundisha kwamba fasihi simulizi hutendwa, ina hadhira, ina ishara za mwili, hubadilika kila inapotendwa. Shairi langu lina hayo yote.

MWALIMU: Isipokuwa mdomo.

KIJANA: Isipokuwa mdomo.

MWALIMU: Fasili hiyo nimewakaririsha wanafunzi wengi sana. Nitaifungua upya. Na Mwana Kupona nitaanza na zile beti za kumwita binti na wino, kabla ya malezi na ndoa. Lakini juu ya Hughes sijabadilika, msinilazimishe. Mimi nikikosewa na shairi, najibu kwa shairi. Wino simwagi.

MALENGA: Hatukulazimishi. Kuna jambo umetaka kuniuliza tangu mwanzo.

MWALIMU: Ninalo. Nina shairi nimeliwaza siku nyingi, juu ya mama mmoja asiyeona aliyekuwa akiuza samaki ferini nilipokuwa mdogo. Nimeogopa kuliandika. Unanipa ruhusa?

MALENGA: Ruhusa si yangu kutoa. Alikuwa na ufundi gani mama huyo?

MWALIMU: Alimjua changu na tasi kwa kuwapapasa magamba. Hakuna aliyeweza kumuuzia samaki aliyelala.

MALENGA: Liandike. Likichapwa, gazeti linitunzie nafasi ya toleo linalofuata, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule. Nitasoma mizani yako kabla ya huruma yako.

MWALIMU: Utajibu kwa vina vyangu?

MALENGA: Vikinitosha. Visiponitosha, nitachagua vingine.

KIJANA: Na jibu langu mtalichapa wapi?

Swali hilo ameniuliza mimi mhariri. Karatasi haiwezi kulibeba shairi lake. Litarekodiwa kwa video na kuwekwa mahali msomaji atakapolifikia kwa simu, na maandishi yatakayoambatana nalo yatakuwa msaada kwa asiyejua alama, yasije yakachukua nafasi ya shairi. Kwa Malenga itabidi Kijana akae naye, alitende shairi lile juu ya mikono yake, polepole, mpaka wakubaliane kina kiko wapi. Wameniambia watahitaji zaidi ya siku moja, na wameomba Mwalimu awepo.